Pesa Ianzie Kwenye Betri: Vifaa vya Elektroniki kwa Boti ya Uvuvi Iliyokwisha Tumika

Hotuba kwa manahodha na wenye vyombo wa mwambao wa Tanga

Ndugu manahodha, wenye vyombo, mabaharia na mafundi wenzetu, assalaam aleikum, na habari za asubuhi kwenu nyote.

Tumeombwa tuzungumze na mtu aliyenunua boti ya faiba iliyokwisha tumika, futi 18 hadi 26, mashine moja ya hospawa 15 hadi 40, anayevua kwa mshipi, nyavu au madema na kurudi siku hiyohiyo au kesho yake. Mtu huyu akishalipia boti na mashine, kinachobaki mfukoni ni kidogo, na akiingia dukani kitu cha kwanza kumvuta ni skrini ya rangi yenye picha za samaki. Sisi tunamwambia aanze kwingine. Aanze na umeme wa kuaminika, ifuate redio, kisha GPS ya kumwonyesha mahali alipo, na kipimakina cha kuonea samaki kiwe cha mwisho, tena kidogo. Katika kila shilingi kumi alizotenga, tatu ziende kwenye betri, nyaya na fyuzi, tatu kwenye redio na vitu vya kumwezesha aonekane na aokolewe. Nne zinazobaki zitampa GPS na kipimakina ndani ya kifaa kimoja.

Kwa nini umeme kwanza? Kwa sababu boti iliyotumika huja na nyaya za mwenyewe wa zamani, na vifaa vingi vinavyosemwa vimekufa baharini vinakuwa havijafa, vimekosa umeme. Kabla hujanunua chochote, shika kila waya kwenye betri uufuate kwa mkono hadi mwisho wake. Mara nyingi utakuta waya mbili za nyumbani zimesokotwa na kufungwa kwa solotepu nyeusi. Fungua hapo. Shaba imegeuka kijani, na ukichuna ganda utaona weusi unaendelea ndani sentimeta kumi au zaidi, kwa kuwa maji ya chumvi hupanda katikati ya nyuzi za waya. Sasa pima bila mzigo, yaani bila kuwasha kifaa chochote: multimita inakuonyesha volti 12.6, safi kabisa. Washa taa au bonyeza redio: volti zinaanguka hadi 9 na kifaa kinazima. Fundi anayepima bila kuweka mzigo atalaumu kifaa, na mwenye boti atanunua kingine ambacho nacho kitazima. Ng'oa waya wa namna hiyo wote. Usiunge mpya kwenye wa zamani.

Waya wa kununua ni wa shaba iliyopakwa bati, wenye nyuzi nyingi nyembamba. Ukikosekana, waya wa gari wa shaba tupu utakufaa kwa muda ukibana vichwa vyake kwa koleo maalumu na kuziba ncha kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Waya mgumu wa uzi mmoja, ule wa ukutani, hukatika kwa mtikisiko wa mashine, mara nyingi ndani ya ganda ambako huwezi kuona.

Unene wa waya watu huuchukulia kwa kubahatisha, lakini hesabu yake ni rahisi. Redio ya kufungwa kwenye boti, ya wati 25, ikituma huvuta ampea 5 hadi 6. Ikiwa mita 5 kutoka kwenye betri, umeme unapita mita 10, kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 1.5 utapoteza karibu volti 0.7 njiani. Wa 2.5 unapoteza kama 0.45, na wa 4 chini ya 0.3. Betri ikiwa imejaa hutaona tofauti. Usiku wa manane, betri ikiwa imeshuka, nusu volti hiyo ndiyo itakayoamua kama sauti yako inatoka au haitoki. Kwa redio tunapendekeza 4, na usishuke chini ya 2.5. Kipimakina kidogo na GPS huvuta chini ya ampea moja, kwa hiyo 1.5 inavitosha.

Kila kifaa kiwe na fyuzi yake: redio ampea 10 kama kitabu chake hakisemi vingine, kipimakina 3, taa za LED 5. Juu ya hizo iwepo fyuzi kuu, isiyokaa zaidi ya sentimeta 20 hivi kutoka kichwa cha chanya cha betri. Kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote, na kikichubuka kikagusa hasi kitawaka kama kijinga cha moto. Ukinunua boti ukakuta fyuzi imezungushiwa karatasi ya fedha ya sigara au imewekewa msumari, ondoa siku hiyohiyo. Mnakaa na petroli miguuni.

Tuje kwenye ukubwa wa betri. Chukua usiku wa saa kumi. Kipimakina cha ampea 0.3 kitakula ampea-saa 3. Redio ikiwa inasikiliza tu, 0.4, ni 4. Kutuma kwa dakika kumi zote pamoja ni 1. Taa za LED za wati 10 ni 8. Jumla ni 16. Betri ya risasi na asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji 32 kwenda juu. Nunua ya 50 upate akiba ya siku mashine ikigoma. Iwe betri ya sola au ya kazi ya muda mrefu, na ya AGM ni nzuri zaidi kwa kuwa haimwagi asidi boti ikilala. Betri ya gari ina bamba nyembamba za kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiinyonya hadi nusu kila usiku haitamaliza mwaka. Ifunge kwa mkanda ndani ya boksi lenye tundu la hewa, juu, si ndani ya ngama, na mbali na tangi la mafuta kwa sababu ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Kujua hali yake, iache ipumzike saa chache bila kazi, kisha pima: 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.8 karibu imekwisha. Kipimo hicho hakihitaji fundi.

Chaji itatoka wapi? Mashine nyingi za kuvuta kamba hazichaji betri. Baadhi zina koili ya taa, lakini umeme wake ni wa AC unaopanda na kushuka kwa kadiri ya mwendo wa mashine. Mtu akiupeleka moja kwa moja kwenye betri au kwenye kipimakina, ameviunguza. Lazima upite kwenye rektifaya-regyuleta, kifaa cha kuugeuza na kuutuliza, ya aina ya mashine hiyo. Njia iliyo rahisi zaidi kwetu ni sola. Paneli ya wati 50 kwenye jua kali hutoa karibu ampea 2.8, na kwa saa nne na nusu za jua zuri unapata ampea-saa 12 au 13, pungufu ya zile 16. Ya wati 80 inazifikia na kubakiza. Weka chaji kontrola, kifaa cha kuizuia betri isichajiwe kupita kiasi, kati ya paneli na betri, na ukiwa na boti ya kuwasha kwa ufunguo, betri ya mashine iwe nyingine na ya vifaa nyingine. Mashine ikizungushwa, volti huanguka kwa sekunde moja hivi, na GPS inazima na kuanza upya.

Redio sasa. Wengi wanasema simu inatosha. Simu ni nzuri, ichukueni, iwe ndani ya mfuko usioingia maji na pawabenki kando. Lakini mnara wa kawaida wa 2G una kikomo cha kilomita 35 hata ukiuona kwa macho, na simu humwita mtu mmoja tu, ambaye huenda amelala. Redio ya VHF ya baharini ikibonyezwa inasikika kwa kila chombo kilicho karibu na kimewasha chaneli 16, ile ya kuitana na ya dharura.

Kwa boti ndogo yenye bajeti ndogo, nunua redio ya mkononi ya baharini, wati 5 au 6, inayoelea, yenye alama ya IPX7, yaani inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Zile redio za upepo za bei ya chini zilizotengenezwa kwa matumizi ya nchi kavu tunawakataza: haziwezi maji, zikianguka zinazama, na chaneli za baharini lazima mtu aziingize namba kwa namba, akikosea unazungumza peke yako. Ukipata pesa zaidi, nunua ya kufungwa ya wati 25 yenye DSC, ile yenye kitufe chekundu kinachotuma mahali ulipo kupitia chaneli 70. DSC haifanyi kazi hiyo mpaka uingize namba ya MMSI, yaani namba ya utambulisho ya redio ya chombo chako, yenye tarakimu tisa. Ulizeni TASAC (shirika la uwakala wa meli) na TCRA (mamlaka ya mawasiliano) habari ya namba na leseni ya redio kabla ya kulipa dukani.

Wati si kila kitu. VHF huenda kwa mstari wa macho, na kinachoamua ni urefu wa antena. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, jumlisha na cha mwenzako, zidisha kwa 2.23, utapata maili za baharini. Wawili wenye redio za mkononi, antena mita moja juu ya maji, wanapata maili 4.5, kama kilomita 8, na kukiwa na mawimbi makubwa ya kusi fanyeni hesabu ya 5 au 6. Mmoja akiwa na antena ya mita 4 na mwingine nchi kavu ana ya mita 10, ni maili 11.5, zaidi ya kilomita 20.

Hapa tunasisitiza. Kituo cha uokoaji cha kanda kipo Mombasa tangu 2006, na Dar es Salaam ina kituo chake. Lakini redio yako ya mkononi ukiwa nje ya Moa au Kwale haitafika Dar, hata hewa iwe tulivu namna gani. Atakayekusikia kwanza ni boti ya diko lako, pale mnapoegesha na kushushia samaki. Kwa hiyo nunueni kwa pamoja, redio za aina moja ili chaja na betri ziazimane, na diko liwe na redio moja ya wati 25 yenye antena juu ya mlingoti wa mita 10, na mtu wa zamu anayeisikiliza vyombo vikiwa baharini. Waya wa antena uwe mnene, RG-213. Ule mwembamba wa RG-58 ukiwa na mita 15 unakula nusu ya nguvu kabla haijafika juu. Mwiteni mwenzenu kwenye 16, kisha hamieni 06 au 72 kuzungumza; 16 iachwe wazi kwa wenye shida.

Ukinunua redio iliyotumika iliyotoka Marekani, angalia imewekwa mfumo gani wa chaneli. Ikiandika USA, ibadilishe iwe INT. Baadhi ya chaneli zina namba ileile lakini masafa ya mawimbi ya redio tofauti, na mtasikia kimya mkidhani redio ni mbovu.

GPS. Kifaa kidogo cha inchi 4 au 5 chenye GPS na kipimakina pamoja kinawatosha wengi wenu, hata kama hakina ramani. Ramani huongeza bei, na vifaa vinavyoletwa kutoka Dubai au Marekani mara nyingi vina ramani za kwao. Ya pwani yetu utainunua mbali, kama kifaa kinaruhusu kadi. Baadhi ya modeli za bei nafuu hazina kabisa mahali pa kadi, kwa hiyo uliza kabla hujatoa pesa. Mvuvi anachohitaji zaidi ni alama: mdomo wa bandari, mwamba wa changu, madema yalipo, na njia ya kurudia. Wekeni pia mipaka ya hifadhi. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilitangazwa 2009, na Maziwe kule Pangani ni ya zamani zaidi. Ombeni namba za mipaka kwenye ofisi husika, mziingize mkiwa nchi kavu.

Mnapopeana namba, angalieni zimeandikwa kwa mtindo gani. Mwenzako akikutajia 6°30.500', yaani nyuzi (digrii) na dakika, nawe ukaiingiza kwenye kifaa kinachosoma nyuzi tupu kama 6.30500, umekwenda dakika 12.2 mbali na alipo. Hizo ni maili 12.2, zaidi ya kilomita 22. Boti inayokuja kukuokoa itafika mahali hakuna mtu. Diko zima likubaliane mtindo mmoja, nyuzi na dakika zenye desimali tatu, na datumu (msingi wa vipimo vya ramani) ya WGS 84, na kila nahodha aangalie kwenye mipangilio ya kifaa chake.

Vifaa vya zamani vina ugonjwa mwingine. Hesabu ya wiki ya GPS huanza upya kila wiki 1,024, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Kifaa ambacho programu yake haijasasishwa kinaweza kukuonyesha mahali sawasawa huku tarehe ikiwa ya karibu miaka ishirini nyuma. Mahali utafika, ila jedwali lake la kujaa na kupwa usiliamini. Na dira ya sumaku ibaki kwenye boti, mbali na spika na redio kwa nusu mita au zaidi.

Kipimakina. Tunajua wengi mmekuja kwa ajili yake. Sauti inatoka kwenye transdusa, kile kichwa kinachokaa majini, inashuka ikipanuka na kurudi. Masafa ya juu, kilohezi 200, yana upana mdogo na picha kali. Ya chini, 77 au 50, hupanuka na kushuka mbali zaidi. Kichwa kinachopanua sauti kwa nyuzi 15 kwenye kina cha mita 30 kinaona duara la mita 8 chini. Cha nyuzi 45 kinaona mita 25, na samaki aliye pembeni kabisa utamwona kama yuko chini yako. Anayevua mkondo wa Unguja, ambao sehemu kubwa hauna kina kikubwa, 200 inamtosha. Nyinyi wa Tanga mnaokaribia ukingo wa mkondo wa Pemba, ambako bahari inashuka hadi mamia ya mita, chukueni chenye 77 na 200 pamoja. Kwenye maji ya chumvi kina cha juu kilichoandikwa kwenye boksi hakifikiwi, maana namba ile kubwa kwa kawaida ni ya maji baridi. Na mkikiwasha, ingieni kwenye mipangilio mchague maji ya chumvi.

Zimeni vipicha vya samaki. Kifaa kinakisia tu, na kitakuchorea samaki penye mapovu na majani. Acheni picha halisi. Ongeza usikivu mpaka skrini ijae vidoa, kisha rudisha kidogo. Sakafu ngumu ya mwamba huonekana nene, na mara nyingi kuna sakafu ya pili hafifu kwenye kina mara mbili: uko mita 20, na ya pili inatokea 40. Hiyo ni sauti iliyogonga mwamba, ikarudi, ikagonga maji ya juu na kushuka tena. Tope na mchanga laini haufanyi hivyo. Kwa mvuvi wa changu na chewa, mstari ule wa pili una thamani kuliko vipicha vyote.

Kufunga transdusa ndiko kunakoharibu kazi. Ikae kwenye ubao wa nyuma, upande wa kulia, kwa kuwa propela nyingi huzunguka kulia na upande huo bawa linashuka, mapovu ni machache. Iwe sentimeta 40 hivi kutoka kwenye propela, na uso wake ushuke milimita chache chini ya sakafu ya boti. Mwendo ukiongezeka na picha ikakatika, ishushe kidogo kidogo. Usiifunge nyuma ya msumari au ubavu wowote unaokata maji. Anza kwa kupachika kibao cha plastiki, na skrubu za transdusa ziingie kwenye kibao hicho, ili ukihamisha usitoboe boti tena. Kila tundu la ubao wa nyuma lizibwe kwa gundi ya baharini kama Sikaflex, si silikoni ya dirisha. Maji yakiingia kwenye mbao iliyo ndani ya faiba, ubao unaoza na mashine inalegea. Waya wa transdusa usikatwe hata ukizidi. Ukunje, na upite mbali na waya wa antena na wa mashine, la sivyo skrini itajaa mistari.

Unaweza kuigandisha ndani ya boti, sauti ipite kwenye faiba, iwapo mahali hapo ni faiba tupu isiyo na povu wala mbao katikati. Jaribu kwanza kwa kuiweka ndani ya mfuko wa maji uliokaa sakafuni. Ukiona kina sawasawa, gandisha kwa epoksi isiyo na hata povu moja la hewa. Utapoteza nguvu kidogo. Kwenye mashua ya mbao njia hii haifanyi kazi: funga transdusa kwenye mti unaoshushwa ubavuni.

Anayenunua kipimakina kilichotumika asikilipe mpaka kimewashwa na transdusa yake yenyewe ikiwa majini, maana vichwa vya waya na masafa hutofautiana kati ya modeli. Angalia ukungu wa chumvi chini ya kioo na pini zilizoliwa. Kitoe nje, usikihukumu ndani ya duka: GPS iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa inaweza kuchukua robo saa kupata mahali.

Pesa ikibaki, isiende kwenye skrini kubwa. Boti ya mbao au faiba ni kama haionekani kwenye rada, na feri za kasi zinapita usiku na mchana kwenye mikondo yetu. Yenye mwendo wa noti 30, yaani maili 30 za baharini kwa saa, inamaliza maili tatu kwa dakika sita. Kiakisi cha rada cha bati la alumini, kikifungwa juu kadiri mlingoti unavyoruhusu, ni cha bei ndogo na hakili umeme. Anayefika ukingo wa maji makuu aweke akiba ya PLB, kile kifaa cha kuombea msaada kupitia setilaiti kwa megahezi 406. Kikiwashwa hutuma kwa angalau saa 24, lakini kinatakiwa kisajiliwe kwa jina la mwenye nacho, na betri yake ina tarehe ya kuisha iliyoandikwa ubavuni.

Sasa tunahamia kwenye meza. Multimita zipo, na taa ya gari ya wati 55 ya kuwekea mzigo. Aliyekuja na betri yake ailete, tupime kwanza ikiwa imetulia, kisha ikiwa na taa, na kila mmoja aandike namba zote mbili.